Dozi ya rota iliyochelewa bado ni dozi: barua ya wazi kwa wasimamizi wa chanjo

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI,
Meneja wa Mpango wa Taifa wa Chanjo,
Waganga Wakuu wa Mikoa na Wilaya,
Wakurugenzi wa Halmashauri.

YAH: KUONDOA UKOMO WA WIKI 15 KWENYE CHANJO YA ROTA, NA NAMNA TUNAVYOHESABU UFANISI WAKE

Waheshimiwa,

Mtoto anayefikishwa kliniki kwa mara ya kwanza akiwa na wiki 17 anachomwa penta (sindano moja ya kukinga magonjwa matano), anachomwa chanjo ya nimonia, anadondoshewa polio. Ikifika zamu ya rota, matone ya mdomoni ya kukinga kirusi cha rota kinacholeta harisha kali, mhudumu anahesabu wiki kwa vidole, anatikisa kichwa, anaandika kwenye kadi "umri umepita". Dozi inarudi kwenye jokofu. Mama hana la kuuliza, maana kadi imeshajazwa.

Popote hilo linapofanyika, liwe limetokana na mwongozo wa zamani, bango la ukutani au mazoea ya mtu aliyefundishwa hivyo, mtoto amenyimwa haki yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliulegeza ukomo huo wa wiki 15 mwaka 2013. Tunachoomba ni waraka wa ukurasa mmoja, wenye sahihi, unaosema hivyo kwa Kiswahili cha zahanati. Yanayofuata ni sababu za ombi hilo, pamoja na mambo ambayo yasipowekwa sawa yatauharibu waraka huo hata ukitoka kesho.

Kwanza, huo ukomo ulitoka wapi. Chanjo ya kwanza ya rota, RotaShield, ilisajiliwa Marekani mwaka 1998 na ikaondolewa sokoni mwaka 1999, ilipoonekana kwamba takriban mtoto mmoja kati ya 10,000 waliopewa alipatwa na tatizo la utumbo kujimeza. Kipande cha utumbo kinaingia ndani ya kipande kinachofuata, kama mkono wa shati unavyoingia ndani shati likivuliwa kwa haraka. Damu haipiti tena, na mtoto asipowahi hospitali yenye upasuaji anaweza kufa. Tatizo hili huwapata hata watoto wasiochanjwa, na huongezeka kuanzia mwezi wa nne hivi wa maisha. Chanjo mbili zilizofuata, Rotarix na RotaTeq, zilijaribiwa kila moja kwa watoto zaidi ya 60,000, matokeo yakachapishwa mwaka 2006, na wote walianzishwa wakiwa wadogo kwa makusudi ili kuukwepa umri huo. WHO ilipopendekeza chanjo ya rota kwa nchi zote mwaka 2009, ikaandika kwamba dozi ya kwanza itolewe kabla ya wiki 15 na ya mwisho kabla ya wiki 32. Ilikuwa tahadhari ya haki kwa wakati wake.

Kisha hesabu ikapigwa upya. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2012 kwa nchi za kipato cha chini na cha kati yalionyesha kwamba kuondoa ukomo huo kungeokoa watoto 47,200 zaidi kwa mwaka dhidi ya rota, huku vifo vinavyoweza kuletwa na utumbo kujimeza vikiongezeka kwa 294. Sababu si ngumu kuiona. Kwetu watoto huchelewa kliniki, na wanaochelewa ndio wanaokaa mbali na zahanati, hivyo wakiharisha ndio wanaokaa mbali na dripu pia. Ukomo wa wiki 15 unawachuja wale wale ambao chanjo iliwakusudia kuliko wengine wote.

Na ile hofu ya awali haikuthibitika huku. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya ufuatiliaji wa nchi saba za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, na hayakuonyesha ongezeko la utumbo kujimeza baada ya Rotarix. Nchi tajiri zinazofuatilia kwa karibu zimeona ongezeko dogo, la mtoto mmoja hadi sita hivi kwa kila 100,000 waliochanjwa, na hakuna iliyosimamisha chanjo kwa sababu hiyo. Ishara za hatari kila mhudumu azijue na amwambie mama: kilio cha vipindi huku mtoto akikunja miguu tumboni, matapishi ya kijani, tumbo kuvimba, choo chenye damu na makamasi. Hapo ni rufaa siku hiyo hiyo, isingoje asubuhi.

Kinachobaki basi ni rahisi kukariri. Dozi ya kwanza mapema iwezekanavyo kuanzia wiki 6, yaani siku 42. Dozi inayofuata baada ya wiki 4 au zaidi. Mwisho ni miezi 24, kwa sababu baada ya hapo karibu kila mtoto ameshakutana na kirusi chenyewe na dozi haimwongezei kitu. Wiki 6 na wiki 10 zinabaki kuwa ratiba yetu. Tunachofuta ni adhabu ya kuchelewa.

Tunatumia neno adhabu kwa makusudi, maana mara nyingine anayechelewa si mama. Chukulia kituo kimeishiwa rota kwa miezi miwili. Mtoto wa wiki 7 alikuja kwa tarehe yake, akapata penta, akaambiwa rota hakuna. Rota inarudi akiwa na wiki 16. Kwa kanuni ya zamani mtoto huyo anahesabiwa amechelewa, wakati aliyechelewa ni gari la chanjo. Kwa kanuni ya sasa anapewa siku hiyo hiyo anapoonekana. Na atakayekuja miezi 9 kwa chanjo ya surua na rubella bila rota hata moja naye anapewa papo hapo, kisha anaandikiwa tarehe ya kurudi baada ya wiki 4. Tarehe hiyo iandikwe kwa wino kwenye kadi na kwenye daftari la watoto wanaodaiwa chanjo, kwa kuwa baada ya miezi 9 ratiba yetu haimrudishi mtoto kliniki ya chanjo mpaka miezi 18. Asipoandikiwa, dozi ya pili imepotea.

Sasa tuje kwenye swali mnaloulizwa kwenye vikao vya halmashauri, na linalotuudhi kidogo kwa jinsi linavyojibiwa: kama chanjo inafanya kazi, mbona wodi imejaa watoto waliochanjwa?

Tufanye hesabu yenyewe, kwa namba za mfano. Tuseme wodi imepokea watoto 200 wenye kuharisha kwa maji, wote wa umri wa kuwa wamemaliza rota. Choo cha kila mmoja kimepimwa maabara. Watoto 100 wana rota, na kati yao 80 walichanjwa, 20 hawakuchanjwa. Watoto 100 wengine wanaharisha kwa sababu nyingine, na kati yao 90 walichanjwa, 10 hawakuchanjwa. Anayetazama kundi la kwanza peke yake atasema asilimia 80 ya wagonjwa wa rota walichanjwa, basi chanjo ni bure. Lakini kundi la pili linatuonyesha hali ya chanjo huko mtaani walikotoka. Gawanya 80 kwa 20, unapata 4. Gawanya 90 kwa 10, unapata 9. Nne ya tisa ni 0.44. Toa kwenye moja, inabaki 0.56. Chanjo imezuia asilimia 56 ya kulazwa kwa rota kwa waliochanjwa. Namba ile ile iliyotangazwa kuwa aibu ndiyo ushahidi kwamba chanjo inafanya kazi. Na kadiri mnavyochanja watoto wengi zaidi, ndivyo waliochanjwa watakavyozidi kuonekana wodini, kama ambavyo wengi wanaopata ajali kwenye barabara inayopita mabasi karibu peke yake watakuwa abiria wa basi.

Hesabu hiyo ina masharti, na hapo ndipo takwimu zetu huharibika. Choo kichukuliwe ndani ya saa 48 tangu mtoto alazwe, vinginevyo huenda mnapima rota aliyoipata kitanda cha jirani. Kadi ionwe kwa macho. "Mama anasema alichanjwa" si tarehe, na mama anayeulizwa mbele ya muuguzi hujibu ndiyo. Mtoto aliyepewa matone ndani ya siku 14 zilizopita atengwe kwenye hesabu, kwani kirusi dhaifu cha chanjo hutoka kwenye choo chake na kipimo kitasema ana rota. Tarehe ya kuzaliwa iandikwe kamili, siku, mwezi na mwaka; "miezi 4" haitoshi pale mnapotaka kujua kama dozi ilikuwa ya wiki 10 au wiki 14. Hospitali chache zinazopima kwa namna hii mwaka mzima zina thamani kuliko hospitali mia zinazojaza idadi ya "kuhara" bila kipimo. Msiziache zikaishiwa vitendanishi.

Vipimo vya aina hiyo vilivyofanyika kanda yetu vinasema nini? Huko Kilifi na Siaya nchini Kenya, ambako chanjo iliingia Julai 2014, Rotarix ilionekana kuzuia asilimia 64 ya kulazwa kwa rota. Katika jaribio la Malawi na Afrika Kusini lililochapishwa mwaka 2010, kinga dhidi ya rota kali ilikuwa asilimia 49.4 Malawi na 76.9 Afrika Kusini. Mtu akiona 49 anasema chanjo imefeli Malawi. Angeendelea kusoma. Kwa kila watoto 100 waliochanjwa, kwa mwaka, matukio makali yaliyozuiwa yalikuwa 6.7 Malawi na 4.2 Afrika Kusini. Malawi ilikuwa na ugonjwa mwingi zaidi, hivyo nusu ya mzigo mkubwa ikawa kubwa kuliko robo tatu ya mzigo mdogo. Tanzania inafanana zaidi na Malawi. Tuliianza chanjo hii mwanzoni mwa 2013, tukaiingiza pamoja na ya nimonia kwa mpigo mmoja, jambo ambalo nchi nyingi hazikuthubutu kulifanya, na halikustahili kutetewa kwa asilimia za kukopa kutoka Ulaya.

Kwa nini kinga ni pungufu huku? Sababu ni nyingi na zinashikana. Mama wa huku amekutana na rota mara nyingi maishani, hivyo kinga anayompa mwanawe kwa kondo na kwa maziwa ni kali kiasi cha kukifyeka kirusi cha chanjo kabla hakijaota. Matone ya polio yanayotolewa siku hiyo hiyo hushindana na rota utumboni, hasa kwenye dozi ya kwanza. Utumbo wa mtoto anayeishi penye uchafu huwa umechubuka hata kama haharishi. Utapiamlo nao hudhoofisha mwitikio wa mwili. Aina za rota zinazozunguka Afrika ni nyingi. Zaidi ya hapo, kuna sukari za kurithi kwenye utando wa utumbo ambazo kirusi hushikilia ili kuingia, na watoto wengi wa Kiafrika kuliko wa Ulaya hawana ile ambayo kirusi cha Rotarix kinaipenda.

Kati ya hayo yote, mhudumu wa zahanati hana analoweza kubadili kesho asubuhi. Na asijaribu kwa njia zisizo na maana: kumwambia mama asinyonyeshe saa moja kabla ya matone kulishajaribiwa kwa utafiti nje na hakukuongeza kinga. Mtoto anyonye wakati wowote, hata dakika ile ile. Wala polio isiahirishwe kuipisha rota. Tunachoweza kubadili ni siku ambayo dozi inaingia mdomoni. Rota ya Afrika haimsubiri mtoto. Wengi huugua vikali kabla hawajatimiza mwaka, na baadhi yao ndani ya nusu ya kwanza ya mwaka huo. Kila wiki ya kuchelewa baada ya siku ya 42 ni wiki ambayo kirusi kiko nyumbani na chanjo iko kwenye jokofu.

Na jokofu lenyewe lina mambo yake. Rota ya majimaji hukaa nyuzi 2 hadi 8 na haipaswi kuganda. Tatizo ni kwamba kipimo cha kutikisa kichupa, ambacho wahudumu wamefundishwa kwa ajili ya penta, hakifanyi kazi kwa rota. Penta iliyoganda huacha mashapo kwa sababu ya madini yaliyomo; rota haina madini hayo, itaonekana safi tu. Kwa hiyo huduma mkoba (ya kuwafuata watoto vijijini) ikienda na vibarafu vilivyotolewa kwenye friza na kutumbukizwa moja kwa moja kwenye kibeba chanjo, hakuna atakayejua rota imeganda mpaka wodi ianze kuhesabu. Kibarafu kikae nje ya friza hadi ukikitikisa usikie maji yanacheza ndani. Siku ya jua kali ni dakika chache, siku ya baridi huko Njombe au Makete ni nyingi, na ndiyo maana kipimo ni sikio na si saa. Kiashiria cha joto kwenye kichupa hakitasaidia hapa, maana kinasoma joto tu, hakisomi kuganda. Kisomwe hata hivyo: mraba wa ndani ukiwa mweupe kuliko duara linalouzunguka, tumia, ukilingana na duara au ukiuzidi kwa weusi, weka kando.

Tuone na utoaji, kwa kuwa dozi nyingi hupotelea kwenye sentimita chache kati ya kichupa na koo. Rotarix ni mililita 1.5 katika kitubu cha plastiki, dozi moja kwa mtoto mmoja. Mtoto apakatwe na mama akiegemea nyuma kidogo, kama anayenyonya. Ncha ya kitubu iingie pembeni, kati ya fizi na shavu, ibonyezwe taratibu kwa vipindi huku mtoto akimeza. Anayeelekeza ncha katikati ya ulimi atarudishiwa yote usoni, na anayeminya yote kwa mpigo mmoja atampalia mtoto. Matone yatangulie sindano. Mtoto aliyechomwa penta kwanza analia, na anayelia hamezi. Hili halina gharama yoyote, ni mpangilio wa meza tu, ila tumeona meza nyingi ambazo sahani ya sindano iko karibu na mama na kisanduku cha matone kiko mbali. Akitema sehemu kubwa ya dozi, anaweza kupewa nyingine moja kikao hicho hicho. Akitema tone mbili, aachwe. Na isichomwe kamwe: ni chanjo ya mdomo.

Sababu za kuahirisha ni chache kuliko zinazotumika. Mafua si sababu. Njiti hupewa kwa umri wa tangu kuzaliwa, bila kupunguziwa wiki. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya Ukimwi apewe. Asiyepewa ni yule aliyewahi kupata tatizo la utumbo kujimeza, aliyepata mzio mkali kwa dozi iliyotangulia, au mwenye upungufu mkubwa wa kinga wa kuzaliwa nao. Anayeharisha vikali au ana homa kali anasubirishwa mpaka atulie, na anapewa tarehe.

Sasa mnaoshika bajeti na maoteo, yaani makadirio ya dozi za kuagiza. Waraka tunaouomba una gharama ya dozi, na ni bora muipigie hesabu mapema kuliko kuuliza baadaye chanjo zimekwenda wapi. Halmashauri yenye watoto 10,000 kwa mwaka, kwa dozi 2 na lengo la asilimia 95, inahitaji dozi 19,000. Ukiongeza asilimia 5 ya upotevu ni 19,950. Kwa ajili ya wanaochelewa, angalieni pengo kati ya Penta 1 na Rota 1 katika rejista ile ile. Chanjo hizo mbili hutolewa kikao kimoja, kwa hiyo namba zinapaswa kulingana. Ikiwa Penta 1 ni 9,400 na Rota 1 ni 8,900, basi watoto 500 walikuwa mbele ya mhudumu, wakachomwa, wakaondoka bila matone. Ama chanjo iliisha, ama walikataliwa kwa umri. Hakuna sababu nyingine kubwa ya tatu. Watoto 500 ni dozi 1,000, na hilo ndilo ongezeko la kuagiza. Pengo hilo lingebandikwa ukutani kwa kila Mganga Mkuu wa Wilaya, mwezi kwa mwezi, kituo kwa kituo, lingesema mengi kuliko asilimia ya jumla inayosomwa kwenye vikao.

Tuna wasiwasi pia na siku ya kubadili aina ya chanjo, kwani bei na upatikanaji huzilazimisha nchi kuhama. Chanjo nne zimepitishwa na WHO: Rotarix ya dozi 2, na RotaTeq, Rotavac na Rotasiil za dozi 3 kila moja. Rotavac na Rotasiil, zote za India, zilipitishwa mwaka 2018. Nchi ikihama kutoka dozi 2 kwenda 3, halmashauri ile ile ya watoto 10,000 inapanda kutoka dozi 19,000 hadi 28,500 kabla ya upotevu. Kadi inahitaji kisanduku cha tatu, cha wiki 14. Rejista, fomu ya kujumlishia na mfumo wa kompyuta vinahitaji vivyo hivyo. Vikichelewa, mhudumu ataandika Rota 3 pembezoni mwa karatasi na haitafika wilayani kamwe.

Mtoto aliyeanza na aina moja akamalizia nyingine si tatizo la kumrudisha nyumbani. Inapowezekana amalizie aliyoanza nayo. Isipopatikana, apewe iliyopo. Kama hata dozi moja kati ya alizopata ilikuwa ya aina ya dozi 3, au haijulikani ilikuwa ipi, jumla yake iwe dozi 3. Sentensi hizo nne zingewekwa mlangoni mwa jokofu siku ya kuhama, simu nyingi za kwa mratibu zisingepigwa.

Lipo na jambo dogo linalodharauliwa. Kitubu cha Rotarix hakimngojei mtu: mtoto mmoja, kitubu kimoja. Aina nyingine huja katika vichupa vya dozi 5 au 10. Mazoea tuliyonayo kwenye BCG (chanjo ya kifua kikuu) na surua, ya kumwambia mama "rudi Alhamisi, tungoje watimie kumi", yatahamia kwenye rota siku ya kwanza tu. Kwa BCG ni kero. Kwa rota, ambayo thamani yake yote iko kwenye kuwahi, ni hasara ya moja kwa moja. Waraka wa kuhama useme wazi kwamba kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, na kiwango cha upotevu kinachokubalika kipandishwe kulingana na hilo, kwa sababu mhudumu anayekemewa kwa upotevu ataokoa kichupa na kumpoteza mtoto.

Mwishowe, chanjo hii inazuia rota, haizuii kuhara. Vimelea vingine vya kuhara, kama shigela, kriptosporidiamu, adenovirusi na norovirusi, vitabaki wodini, na mama aliyeahidiwa kwamba mwanawe "hataharisha" atatuita waongo. Aambiwe hivi: matone yanapunguza ile harisha ya maji na matapishi inayomkausha mtoto kwa siku moja. Pakiti za ORS na zinki zibaki kwenye maoteo bila kupunguzwa eti kwa kuwa kuna chanjo. Pakiti ya kawaida ni ya lita moja kamili. Ikikorogwa kwenye chupa ya lita moja na nusu inakuwa nyepesi mno. Ikikorogwa kwenye nusu lita chumvi inazidi na mtoto anakauka zaidi. Mtoto akitapika, subirini dakika 10 kisha endeleeni kijiko kwa kijiko. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, nusu yake kwa aliye chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14, na iendelee hata harisha ikikoma siku ya tatu.

Tunaomba waraka utoke kabla ya maoteo ya mwaka ujao kufungwa, ili zile dozi za pengo ziingie kwenye oda. Kadi za kliniki zilizopo zitumike mpaka ziishe. Mhudumu apewe ruhusa ya kufuta kwa kalamu neno lolote la wiki 15 au 32 na kuandika "hadi miezi 24". Na watoto ambao kadi zao tayari zina "umri umepita" lakini hawajafika miaka miwili watafutwe kwenye rejista za miezi 20 iliyopita na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa majina na vitongoji, kwa kuwa majina hayo yote tunayo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Watumishi wa chanjo, maabara na wodi za watoto

Nakala: Wajumbe wa Kamati za Afya za Halmashauri; Waratibu wa Chanjo wa Mikoa na Wilaya; mbao za matangazo za vituo.